Pacha ya Kanga Yangu

Usiku ule wa siku niliyosema "sijui" mbele ya kijiji kizima, nililala bila kula. Ndizi zilibaki kwenye sufuria. Mjukuu wangu Editha akanifunika blanketi akidhani ni uzee. Haukuwa uzee. Ilikuwa aibu.

Nianze na ya mchana. Kijiji chetu kiko ukingoni mwa mto Kagera, upande wa Tanzania. Tunataka kujenga darasa, na udongo mzuri wa matofali uko kwenye kile kipande cha chini karibu na maji. Mwenyekiti akauliza mkutanoni, "Ile mimea iliyopandwa pale ni ya nini?" Ni mmea ule wa majani marefu tunaopanda mipakani mwa mashamba, ule usiokufa hata ukiukata. Vijana wakasema ni mpaka wa shamba la zamani. Mzee mmoja akanung'unika kwamba aliwahi kusikia ni makaburi ya watu wa mtoni.

Ndipo Editha wangu akasimama. Huyu ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu, nami nikianza kumsifia majirani wananikimbia. Akasema, "Hayo ya mtoni yamekuzwa. Nimesoma kwenye simu. Ilikuwa vita, waliuana pande zote. Hao maiti wote mtoni, nani aliwaona?"

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akanigeukia. "Bibi Paskazia, wewe ndiye mkubwa tuliyebaki naye. Pale kuna watu?"

Nikamtazama Editha anavyong'aa. Nikasema, "Sijui."

Wakakubaliana waanze kuchimba asubuhi.

Basi nimelala. Mara nikasikia kuni zinavunjwa jikoni. Nikaenda, nikamkuta Melania amekaa kwenye kigoda changu, anachochea moto. Melania alikuwa jirani yangu, na rafiki yangu. Nilimwosha kwa mikono hii siku tulipomzika, na ni miaka sasa. Miguu yake inachuruzika maji.

"Hata hodi hukupiga," nikamwambia.

"Mtu nimekufa, nipige hodi ya nini?" Akaonja chai yangu, akakunja uso. "Na chai yako bado ni maji ya kuoshea vikombe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Funga nguo vizuri," akasema. "Wamekuja tena."

Nafungua mlango wa jikoni, na nje hakuna ua, hakuna migomba. Kuna mto. Maji ni mekundu ya mvua, kama mwaka ule.

Mwaka ule Watutsi walipokuwa wanauawa kule Rwanda, mto ulituletea maiti. Asubuhi ya kwanza tulidhani ni magogo. Samaki hatukula tena, maji hatukuyanywa. Kuna waliosema tusiwaguse, waende zao. Waende wapi? Mimi na Melania na wanawake wengine tuliingia maji ya kiuno na fito ndefu, tukawavuta. Hatukuwajua hata mmoja. Kila nyumba ilitoa kitu cha kuwafunika, shuka, mkeka, hata gunia. Hao wanawake wenzetu wote wameshatangulia. Nimebaki mimi.

Sasa natumbukia tena, maji yaleyale yananibana kiuno, na anayekuja ni yuleyule. Mwanamke. Mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya mgomba. Melania anafungua fundo kwa meno, kama alivyofanya siku ile, maana mtu hazikwi amefungwa. Mgongoni pana mtoto kwenye mbeleko. Mikono tunaifungua. Mbeleko hatuifungui.

Nilikuwa na doti ya kanga ya maua mekundu, mume wangu aliniletea nilipojifungua mtoto wa kwanza. Niliikata katikati. Kipande kimoja nikamfunika yule mama na mwanawe, tukawafukia, juu nikapanda ule mmea wa mpakani. Kila kaburi tukalipandia mmoja. Tulifikiri tumefanya akili, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu anayethubutu kuung'oa. Hatukuwaza kwamba watoto wetu watauona na kusema, ahaa, shamba la nani hili?

Nageuka nimwambie Melania hayo, mto umekwisha. Tumesimama kwenye kile kipande cha chini. Editha ameinama na kalibu, anafyatua matofali, anaimba wimbo wa shuleni. Matofali yamepangwa yakauke, mstari mrefu sijapata kuuona. Ananinyooshea moja bichi kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anavyonipa chakula.

"Shika, Bibi. Tazama lilivyo laini."

Naliangalia. Katikati ya udongo kuna kitambaa. Kina ua jekundu.

Nataka kusema, acha. Mdomo haufunguki. Umejaa udongo, udongo uleule wa matofali, umeshika hadi kwenye meno.

Na yule mama wa mtoni anakuja. Anatembea taratibu, mtoto mgongoni, mikono iko huru. Amebeba kanga yangu. Imefuliwa, imekunjwa vizuri kama inatoka dukani. Nyuma yake wamejipanga wengine, kila mmoja na nguo yake, shuka ya Melania ya harusi, mkeka, gunia. Hawana hasira. Hilo ndilo lililoniumiza. Wangenitukana ningepumua.

Akanisalimia. Mtu niliyemzika akaniambia shikamoo. Kisha akanyoosha ile kanga.

"Pokea nguo yako, mama."

Kwetu nguo uliyomfunikia marehemu hairudi nyumbani. Hata mtoto mdogo analijua hilo. Nikatikisa kichwa.

"Mmesema pale hapana mtu," akasema. "Nguo ya nini kwa asiyekuwepo?"

Naificha mikono mgongoni. Naye anangoja, amenyoosha yake, na mtoto amelaza shavu kwenye bega lake, ananitazama. Nyuma yao naona ukingo ukianza kubaki mtupu, mmea mmoja mmoja unatoweka. Melania akanishika kidevu kwa vidole vyake vya baridi.

"Tema, Paskazia."

Sikuweza.

"Tema!"

Nikatema. Nikaamka nimekaa kitandani, mikono bado mgongoni, napiga kelele, "Wapo! Wapo!"

Editha amesimama mlangoni na tochi ya simu. "Bibi! Nani yupo? Unaota?"

Nje jogoo wa kwanza anawika. Nikalivuta sanduku la bati chini ya kitanda, nikapekua nguo hadi chini kabisa, nikampa kipande cha kanga ya maua mekundu. Kimepauka, lakini upande mmoja unaona kabisa pindo halipo, pamekatwa kwa kisu.

"Kingine kiko wapi?" akauliza.

"Kule chini, kwenye mmea wa tatu kutoka majini. Nilimfunika mwanamke aliyefungwa mikono, na mtoto mgongoni. Hiyo simu yako iulize yule mama alikuwa anapigana na nani, mikono nyuma, na mtoto kwenye mbeleko. Uliuliza nani aliwaona. Mimi. Nilimshika kwapani nikamtoa majini, nikamfukia. Na jana nikasema sijui, kwa sababu ulikuwa unapigiwa makofi na mimi nilikuwa nayafurahia."

Editha akakaa kitandani. Akashika ile kanga pale ilipokatwa, akapitisha kidole.

"Bibi, nilisimama nikasema vile mbele ya watu wote."

"Na utasimama tena mbele ya watu walewale. Mimi nitasema, wewe utaandika."

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Sijui," nikamwambia. "Hiyo ndiyo sijui ya kweli."

Kulipopambazuka nikajifunga kile kipande juu ya gauni la kulalia, nikachukua fimbo. Kule chini walikuwa wameanza kufika, nasikia majembe yanagongana. Editha akanitangulia mbio, peku, anapiga kelele hadi ng'ambo ya mto wasikie, "Simameni! Msichimbe! Bibi anakuja kusema!"