King'ora cha Saa Sita

Kwa miaka ishirini na miwili Verla Wiens alikitunza king'ora cha mji wetu mdogo wa Kansas. Kila siku saa sita kamili mchana alikipiga, nasi tukaenda kula. Chombo cha kutuonya juu ya kimbunga tulikigeuza kengele ya chakula, tukaona ni mila nzuri. Ulikuwa uzembe.

Mei iliyopita, Verla akiwa likizo nyumbani, ofisi ya kaunti ilikipiga saa sita kasoro dakika tatu. Kimbunga kilikuwa njiani. Sisi tukanawa mikono. Paa la mkahawa likang'oka, mikate ya nyama na kabichi ikaruka nalo, ila kwa rehema hakuna aliyeumia.

Ndipo mbunge wetu akapeleka muswada katika bunge la jimbo: king'ora kilie kwa hatari tu, na kijaribiwe mara moja kwa mwezi. Kura za kamati zililingana; ilibaki ya mwenyekiti. Verla akaamua kwenda kutoa ushahidi. Delmar, kinyozi wetu, alimsimamisha njiani.

"Dada Verla, unataka tufe njaa? Tumbo langu halijui kusoma saa."

"Tumbo lako halijachelewa mezani tangu ubatizwe."

"Basi waambie sisi tunajua kutofautisha chakula na hatari."

"Nitawaambia ukweli, Delmar. Kanyoe watu."

Mbele ya kamati, mwenyekiti, mkulima wa ngano, hakuwa na haraka ya kushawishika.

"Mama, watu wako si watoto. Hawakutazama saa?"

"Hawakutazama, mheshimiwa."

"Na wewe mtunzaji, ulifanya nini?"

Hapo wengi wetu tungetafuta uongo wa heshima. Verla hakuutafuta.

"Nilipakua supu."

"Supu?"

"Ya maharage. Mume wangu aliuliza mbona leo mapema, nikamwambia ale, asinichoshe."

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Kama wewe hukukimbia," alisema, "mimi ningeomba niongezewe supu." Akainua mkono kuunga muswada.

Verla akatoka nje, akampigia mumewe simu.

"Muswada umepita kwenye kamati. Ukishakuwa sheria, ukisikia king'ora unashuka kujificha chumba cha chini ya ardhi."

"Na kama chakula kiko mezani?"

"Utashuka na njaa yako."