Siku ya posa waliniuliza kazi yangu, nikasema mimi ni fundi plasta

Wakuu, salaam kutoka Igoma, Mwanza. Haya yamenikuta mwenyewe na siongezi chumvi.

Mimi ni mdada, napiga plasta. Nilianza saiti kama saidia fundi, nabeba maji na zege. Baadaye nikashika mwiko, ndio kazi yangu mpaka leo.

Mchumba wangu Deo ni Mhaya wa Muleba. Wazazi wake wakaja kwetu kuleta posa.

Asubuhi hiyo baba mdogo, msemaji wa familia, akaniita pembeni. "Wakikuuliza kazi, sema una biashara. Wale wamesoma. Ukitaja saiti watakuona kibarua."

Nikaitikia. Ila roho iliniuma kuificha kazi yangu.

Tumeshakaa, mama yake Deo akanigeukia. "Mwanangu, unafanya kazi gani?"

Baba mdogo akakohoa.

Mdomo ukajibu wenyewe. "Mama, mimi ni fundi. Napiga plasta."

Nilitamani sakafu inimeze.

Baba yake Deo, mwalimu mstaafu, akauliza kwa upole, "Hiyo si kazi ya nguvu tu?"

"Nguvu zipo, baba. Lakini ukuta wa nguvu tu unapasuka. Lazima ujue mchanga, ujue jua, ujue lini umwagie maji."

Mama akasogeza kiti. "Mchanga unaujuaje?"

"Naufinya mkononi. Ukiacha tope kiganjani, haufai."

Akacheka, akamgeukia mumewe. "Huyu namchukua hata Deo akighairi!"

Sebule nzima vigelegele. Na baba mdogo naye, bila aibu: "Huyu fundi tumemlea wenyewe!" 😂

Tukaoana. Juzi tulikuwa Muleba, nikampigia mama mkwe plasta jikoni. Akajifunga kitenge, akaomba mwiko. Tonge la kwanza la plasta likamwangukia miguuni, akacheka mpaka akakaa chini. La pili likashika kidogo tu, basi akaita majirani waje kuona ukuta "wake".

Nilichojifunza: kazi ya mikono inafundishwa, unakosea, unarudia, mpaka mkono unazoea. Kama huo sio ujuzi, ujuzi ni nini? Na ukiitaja kazi yako kwa furaha, watu wanaipokea hivyo hivyo.

Mafundi wenzangu humu, nyie mbele ya wakwe mlijitambulishaje? Na wanaosema ni nguvu tu, karibuni pia, tubishane bila matusi.