Kumbe Hamsini Mnaiweza

Sista Mectilda hakuzaliwa na hasira. Kule kijijini kwao Masieda mama yake alikuwa akimsifu kwa majirani kwamba huyu ni mtoto wa kubebwa na yeyote. Hasira aliikuta barabarani, ukubwani, na tangu aikute hajaitua.

Ni muuguzi wa zahanati, umri wake miaka hamsini na nane, mfupi, mwenye hatua za haraka. Miaka kumi na tisa sasa anafanya kazi kwenye senta moja ndogo ya Hanang, mahali ambapo lami inateremka kutoka upande wa Babati na kupita katikati ya watu bila kupiga hodi. Zahanati iko kushoto. Shule, bomba la maji na nyumba nyingi ziko kulia. Kwa hiyo watu wa pale huvuka lami kila siku ya Mungu: mtoto wa shule, mjamzito wa kliniki, mzee na fimbo yake anayefuata dawa za presha. Serikali iliweka kibao cha hamsini juu ya mteremko. Kibao ni kizima, kimesimama wima, hata asiye na miwani anakisoma. Madereva wanakipita na tisini, na wenye mabasi makubwa wanaona tisini ni uvivu.

Mectilda ameshona vichwa, amefunga miguu kwa vipande vya mbao, amepakia watu kwenye magari ya kuwakimbiza hospitali ya Haydom, wengine wakiwa hawajitambui. Lakini aliyembadilisha ni Bernadina, binti wa Tluway, wa darasa la pili. Aligongwa asubuhi ya manyunyu akiwa na ufagio wa chelewa aliotakiwa kuupeleka shuleni. Gari halikusimama. Mtoto alikata roho mikononi mwa Mectilda wakati bado anatafuta mshipa wa kuweka dripu. Tluway alipofika aliuliza jambo moja tu.

"Sista, alilia?"

Mectilda alimwambia hakulia. Ulikuwa uongo, na uongo ule unamchoma mpaka leo.

Baada ya mazishi alikwenda kituo cha mabasi kuwauliza madereva, mmoja mmoja, kwa nini hawafuati kibao. Wakamjibu kama waliokaririshwa darasani. Aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote ni Godlisten, dereva wa Kosta, basi dogo la Babati na Katesh, kijana mcheshi aliyepanga nyumba pale pale senta, upande wa kulia, na mkewe Glory.

"Sista, hamsini haiwezekani," alimweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Gari lenyewe linakataa, linaanza kutetemeka. Abiria wanatukana. Na aliye nyuma yangu akinipita, abiria wote wa mbele ni wake. Walioweka kile kibao hawajawahi kushika usukani."

Mectilda hajui kuendesha hata baiskeli. Alirudi kazini akiwa ameshindwa hoja, na moyoni akiwa na dukuduku kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa.

Jibu alilipata mwaka uliofuata, na alilipata kwa bahati tu. Gari la wilaya lilikuwa linaleta chanjo, na dereva wake alipiga simu kwamba hana muda wa kuingia zahanati, apokelewe barabarani. Mectilda akapanda mteremko mpaka karibu na kibao, akasimama kando ya lami na boksi lake. Alikuwa amevaa gauni lake jeupe la kazi na, kwa ajili ya baridi, sweta jeupe na kofia nyeupe ya kufuma.

Sasa, askari wa usalama barabarani nao huvaa nyeupe tupu. Na hujificha mahali kama pale wakiwa na mashine ya kupima mwendo, ambayo madereva wanaiita tochi. Ukipigwa tochi umelipa faini.

Lori la kwanza lilitokea juu likinguruma, likaona nyeupe, likainamisha pua kwa breki. Likapita mbele ya Mectilda taratibu, dereva ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu wa kipaimara. Alipoanza kupanda upande wa pili akawasha taa mara mbili kuwaonya wenzake wanaokuja: kuna tochi. Basi wote wakawa wapole. Basi la Singida likapita pole. Noah za abiria zikapita pole. Na Kosta ya Godlisten, ile ambayo mwili wake unakataa hamsini, ikapita na arobaini, haitetemeki wala haikohoi, na hakuna abiria aliyetoa kichwa dirishani kutukana.

Mtu mwingine angefurahi. Mectilda alipandwa na hasira. Kumbe wanaweza. Kumbe miaka yote hii walikuwa wanaweza, na asubuhi ile ya manyunyu yule mtu aliweza, ila hakukuwa na nyeupe barabarani.

Tangu siku hiyo akawa anasimama. Nusu saa asubuhi watoto wakienda shule, kabla hajaingia kazini, na nusu saa mchana wakirudi, muda wake wa chakula. Hakunyanyua mkono, hakusimamisha gari la mtu, hakushika hata kalamu. Alisimama tu na gauni lake. Kwa wiki sita watoto walivuka wakitembea, jambo ambalo halijapata kuonekana pale. Mpaka Godlisten akamtambua, akawasimulia wenzake, na madereva wakaenda kwa mtendaji wa kata kushtaki kwamba nesi anajifanya trafiki.

Mtendaji, Bwana Hilary, aliwaita ofisini. Madereva walikuja sita, wamechomekea mashati. Godlisten ndiye aliyewasemea. Alirudia yale yale ya gari kukataa na abiria kutukana, mpaka Mectilda akaomba kuuliza.

"Wiki hizi sita ulipita pale kwa mwendo gani?"

"Arobaini. Hamsini."

"Gari lilikufa?"

"Halikufa."

"Abiria walishuka?"

"Hawakushuka, mama."

"Katesh ulifika saa ngapi?"

Godlisten alitazama wenzake. "Kwenye saa zile zile. Labda dakika mbili tatu."

"Basi usiniambie haiwezekani," Mectilda alisema, na sauti yake ilikuwa inapanda. "Mnaiweza sana. Mnamwogopa mwenye faini. Mtoto wa Tluway hana faini, ndiyo maana hamkumwogopa."

Bwana Hilary alikohoa, akasema anaelewa uchungu wa sista, lakini sare ya kazi ni ya kazini, na kazi ya barabara ina wenyewe. Akionekana tena pale na gauni lile, barua itakwenda wilayani, naye amebakiza miaka miwili tu astaafu. Ndivyo ilivyo kwetu: aliyesimama kando ya barabara anaandikiwa barua, na anayekimbiza gari katikati ya watoto anaambiwa aende salama.

Godlisten, kwa kuwa ameshinda, akataka yaishe kwa heshima. Akamsogelea, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Mectilda hakuitikia.

Kwa mtu wa huku hilo si jambo dogo. Shikamoo ya mdogo huitikiwa hata na adui, hata na mgonjwa aliye mahututi. Bwana Hilary mwenyewe alishtuka. "Mama, mwitikie kijana."

"Nitamwitikia siku atakayopita pale pole wakati mimi sipo," alisema, akachukua mkoba wake akaenda zake.

Siku zilizofuata hakusimama tena. Alikaa kwenye chumba chake cha kliniki, dirisha likiwa wazi, akisikiliza. Muuguzi wa miaka kumi na tisa pale hana haja ya kuona. Sauti ya gari inamtosha. Siku nne Kosta ya Godlisten ilipita pole. Mectilda alianza kujiambia kwamba labda, labda. Ijumaa asubuhi, saa ile ile ya watoto, ikashuka mteremko ikilia kama kawaida yake, honi juu, na watoto wakatawanyika kando kama vifaranga.

Jumanne ilikuwa siku ya kupima watoto. Glory alikuja na mwanawe wa miezi mitano, na Godlisten, ambaye gari lake lilikuwa gereji, alimsindikiza. Mectilda alimpokea Glory vizuri. Alimning'iniza mtoto kwenye mizani, akamsifu mama kwa uzito ulivyopanda, akamwonyesha mstari kwenye kadi.

"Shikamoo, mama," alisema Godlisten mlangoni.

Mectilda akaandika tarehe ya kurudi.

"Shikamoo," akarudia, safari hii kwa sauti ya chini.

Akina mama kwenye benchi waligeuza shingo. Glory alimtazama sista, akamgeukia mumewe. "Umemfanya nini mama wa watu mpaka asikuitikie?"

"Hamna kitu."

"Nakuuliza umemfanya nini."

Hakuwa na pa kupita. Akina mama wale wote walijua, na mkewe angeambiwa kabla ya jioni. "Ni mambo ya barabara," alisema. "Ijumaa nilishuka hapa na tisini. Nilikuwa nimechelewa."

"Ijumaa asubuhi?"

"Ndiyo."

Glory alimfunga mtoto mgongoni taratibu, akakaza fundo la khanga kifuani.

"Ijumaa asubuhi nilikuwa navuka na huyu kwenda dukani," alisema. "Kuna Kosta ilitukosa kidogo tu. Vumbi la kando ya lami lilikuwa jingi, sikuona ni ya nani."

Godlisten alimgeukia Mectilda kama mtu anayeomba asaidiwe.

Mectilda alimkabidhi Glory kadi ya mtoto, akatazama mlangoni juu ya bega la dereva.

"Anayefuata aingie."