Maziwa Kabla ya Jogoo

Ojwang' alikuwa amefunga siku kumi na mbili kwa maji matupu, akimwombea binti yake aliyeugua surua. Mtoto alipona. Asubuhi hiyo waumini walijaa mlangoni pake, kwenye kambi ya wachuma chai nje ya Kericho, na mkewe Wilkista alikuwa amesonga ugali mlima mzima, jogoo mnono akitokota kando. Kwao, aliyejibiwa na Mungu hafungui kinywa kwa kitu chepesi. Ingekuwa dharau.

Jerusa alikuja na kibuyu cha maziwa, ingawa hakualikwa. Miaka sita nyuma, mumewe Opiyo, kaka yake Ojwang', alifunga hivyo hivyo, akajibiwa, akala ugali na nyama hadi akashiba. Siku ya tatu miguu ilimvimba, moyo ukapiga ovyo, akafa. Matangani, kule nyumbani kwao, Ojwang' alisimama akasema Jerusa alitia kitu chunguni. Wakamfukuza na kapu moja la nguo, naye akaja kuchuma chai Kericho.

Mwaka wa nzige, hapo kambini, Jerusa alimwona mama mmoja Mkipsigis akiwapokea ndugu zake waliokonda kwa njaa. Aliwapa maziwa nusu kikombe, wakapumzika, akawapa tena. Waliomkaidi wakakimbilia ugali walivimba kama Opiyo. Siku hiyo alijua kilichomuua mumewe.

"Wilkista, ondoa hiyo sahani."

"We! Ulimmaliza mmoja, umemfuata wa pili?"

"Mpakulieni mjane," mtu alisema mlangoni, "labda ni njaa inamsumbua!" Wakacheka.

Jerusa hakuwatazama. "Shemeji, mwili wako umekuwa ukijila wenyewe, sasa umepoa. Ukiutwika mlima huu utashtuka uanze kukimbia, na moyo hauna nguvu za kukimbia nao. Opiyo alikufa hivyo. Wewe ndiye uliyemwongezea nyama."

Tonge lilibaki mkononi mwa Ojwang'. Alikumbuka.

"Nitaonja mbele yako," Jerusa akasema, "usije ukanisingizia tena." Akanywa, akampa kikombe. Ojwang' akarudisha tonge kwenye sahani, akanywa.

Kwa siku tano Jerusa ndiye aliyepima. Baada ya maziwa ukaja uji mwepesi wa wimbi, kisha samaki na ugali usiozidi yai.

"Unamnyonyesha mume wangu kama mtoto," Wilkista alinung'unika.

"Namnyonyesha ili usimzike."

Siku ya sita Ojwang' alishuka shambani akachuma. Jumapili akasimama mbele ya waumini. "Opiyo hakuuawa na mkewe. Aliuawa na chakula nilichompakulia mimi."

Baada ya sala alimnyooshea Jerusa mkono. Jerusa hakuupokea.

"Si hapa ulikoniharibia jina. Nenda ukaseme nyumbani, mbele ya mama yako, kwa sauti hiyo hiyo."

Jumatatu Ojwang' alikwenda kwa nyapara kuomba ruhusa ya safari.