Kicheko cha Mtani Barazani

Mimi ni mtu wa kuongelea kichwani. Darasani, na sasa niko kidato cha tatu, mwalimu akiniuliza swali ambalo jibu lake ninalijua, nakohoa tu mpaka amgeukie mwingine. Kwa hiyo walionisikia mahakamani siku ile bado wanashangaa. Hata mimi nashangaa.

Baba alifia kwenye barabara ya Nzega. Alikuwa anarudi na baiskeli kutoka Puge, kwa bibi, nyuma amefunga kiroba cha matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha vilivyoanikwa mpaka vikawa vigumu kama mbao. Nayapenda sana na chai. Lori likahama upande wake, likamfuata baba ukingoni alikokuwa. Dereva alikuwa amesinzia. Hakukimbia. Watu wa pale wanasema alikaa chini akimpepea baba kwa kofia mpaka polisi walipofika, ingawa baba hakuwa tena mtu wa kupepewa.

Dereva huyo ni Mzaramo, na kwetu hilo si jambo dogo. Upande wa baba sisi ni Wanyamwezi, na Wazaramo ni watani wetu tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwa miguu hadi pwani. Mtani anaruhusiwa kukwambia lolote, nawe huruhusiwi kununa, unamrudishia. Hata msibani. Kwenye msiba wa baba alikuja bibi mmoja wa Kizaramo anayekaa Kanyenye, akavaa koti la baba, akaingia uani anakokota miguu kama baba na kufoka kwa sauti yake: "Nani kaikalia pampu yangu ya baiskeli?" Tulicheka huku tunalia.

Mama peke yake hakucheka. Yeye ni mtoto wa Ulyankulu, wazazi wake walitoka Burundi, na kwao marehemu anasaliwa rozari, haigizwi. Miaka yote aliishi na utani wetu kama mtu anavyoishi na jirani mwenye redio kubwa.

Dereva alikiri kosa, ikabaki adhabu. Mama alitaka afungwe hadi mwisho wa sheria. Baba mdogo hakusema anataka nini. Mimi nilitaka afungwe, lakini afungwe kwa alichokifanya. Sikujua kama hayo ni mambo mawili mpaka siku ya hukumu.

Tulikuwa barazani nje ya mahakama tunasubiri, mama amekwenda bombani kunawa uso. Askari akamleta dereva na pingu zake, akamkalisha kwenye benchi lililotazamana na letu. Mtu mwembamba, shingo ndefu, ndala miguuni. Baba mdogo alimtazama, akakunja ngumi, nami nikaogopa. Akainuka, akamsimamia mbele.

"Wewe Mzaramo," akasema, "kwenu mnajua ngoma na kulala tu. Usukani ulipewa na nani?"

Dereva aliinua uso kama mtu aliyeitwa kwa jina lake ugenini.

"Nimekosa, mtani," akajibu. "Sasa nibebeni nyie. Si mmezoea mizigo."

Akacheka. Baba mdogo naye akacheka, kicheko kifupi cha puani. Ndipo mama alipotokea kwenye kona, maji yanamchuruzika kidevuni, akayaona meno ya mtu aliyemuua mumewe. Uso wa baba mdogo hakuuona, maana alikuwa amempa mgongo. Mama alikwenda moja kwa moja kwa mwendesha mashtaka.

Ndani, mwendesha mashtaka alisema mshtakiwa ameonekana akicheka mbele ya wafiwa, hana chembe ya majuto, hivyo mahakama impe adhabu ya juu kabisa. Hakimu, mama mtu mzima, akavua miwani.

"Ni kweli ulicheka?"

"Kweli, mheshimiwa," dereva akasema.

Nilimtazama baba mdogo. Alikuwa anatazama sakafu. Mama alikuwa ameushika mkono wangu, na nilipouchomoa ndipo aliponigeukia. Nikasimama. Sauti ilitoka ndogo mpaka karani akaniambia nirudie.

"Alitaniwa."

"Na nani?" hakimu akauliza.

"Na baba yangu mdogo. Sisi Wanyamwezi, yeye Mzaramo. Asingejibu ingekuwa ametudharau."

Baba mdogo akainuka taratibu, kofia mkononi. "Ni kweli, mheshimiwa. Nisingemtania, ningemkaba. Sikuona njia ya tatu."

Hakimu akavaa tena miwani, akasema kicheko anakiweka pembeni, atahukumu usingizi. Akamuuliza dereva ametokea wapi. Alitokea Dar, peke yake, bila utingo, mwenye lori akimpigia simu njia nzima kumharakisha. Hakimu akasema mtu anajua amechoka kabla hajasinzia, na pembeni mwa barabara pa kuegesha hapakosekani. Mwenye lori hakuwepo, wala hakutajwa tena. Miaka miwili jela, na leseni akanyang'anywa. Nilisikia pumzi ya mama ikitoka yote.

Dereva alipotolewa alipita karibu yetu kabisa. Baba mdogo alisogeza miguu, akampisha.

Tulirudi nyumbani Gongoni, na siku zilizofuata mama alikuwa ananipa chakula akiangalia ukutani. Kisha jioni moja, baba mdogo akiwa ameshamsimulia yale ya barazani neno kwa neno, mama akaniita jikoni alikokuwa anachemsha chai.

"Yule mtu asingecheka, ungesimama?"

"Hapana, mama."

"Na hiyo miaka miwili inakutosha?"

"Hainitoshi. Hata ishirini isingenitosha."

Mama akavuta kutoka uvunguni mwa meza kile kiroba ambacho polisi walikirudisha pamoja na baiskeli, na ambacho hakuna aliyekuwa amekigusa. Akafungua fundo alilolifunga baba. Ilimchukua muda, kwa sababu baba alikuwa anafunga kwa nguvu. Akaniwekea matobolwa kwenye kibakuli, na yeye akachukua moja. Tukawa tunatafuna.

"Hivi baba yako," akasema, "yule Mzaramo angemwambia hivyo, nibebeni nyie, angemjibu nini?"

Nilijaribu kuisikia sauti ya baba, na iliyokuja ni ya yule bibi wa Kanyenye aliyevaa koti lake.

"Sijui, mama," nikasema.