Mguu wa Kushoto wa Mama Pindo

Mama Pindo ni fundi cherehani, na haraka yake ni ya kuzaliwa nayo, yaani hata chai anainywa ikiwa inaunguza. Mwanawe alipomfungia cherehani mota, asikanyage tena, jamani alivyofurahi! Msimu wa sare za shule ukaingia. Akaganda kitini asubuhi hadi giza, miguu imelala tu chini ya meza. Maji hanywi, eti choo kiko mbali, kitampotezea muda.

Wiki haijaisha, mguu wa kushoto ukavimba. Wa kulia uko vile vile, huu umeumuka kama mkate, shavu la mguu lina moto, linauma.

Wifi yake akaja na beseni la maji moto.

"Lete nikukande, wifi. Uchovu huo."

"Kanda upesi basi, mashati yananisubiri."

Mara mwanawe huyo mlangoni. "Shangazi, usiguse! Uchovu gani unachagua mguu mmoja?"

"Heh! Umekuwa daktari lini?"

"Sijawa. Ndiyo maana tunamfuata aliko."

Mama Pindo akatazama lile rundo la mashati, akatazama mguu, roho haimtulii. Wakaondoka wote watatu, tepu bado shingoni mwake.

Daktari akampima mguu kwa mashine ya picha. Damu imeganda ndani ya mshipa. Kukaa bila kusogea ndiko kulikochochea, na ukavu wa mwili haukusaidia.

"Ungekandwa, bonge hilo la damu lingeweza kukatika likapanda mapafuni. Watu hufa hivyo."

Wifi mtu akaficha mikono kwapani.

"Mtanikata mguu?"

"Hapana, mama. Sindano kwanza, damu isizidi kuganda, halafu vidonge kwa miezi. Usiruke hata siku moja. Dawa za maumivu usijinunulie, utavuja damu. Kifua kikibana au pumzi ikikata, njoo mbio."

"Na mashati yangu?"

"Mashati hayana mapafu."

Sare zilichelewa, mwalimu mkuu akanuna. Siku hizi Mama Pindo akishona kidogo anainuka, anazunguka meza, anapiga funda la maji. Mteja akitaka kupimwa, wanazunguka wote! Uvimbe umepungua. Ila akikohoa tu, anasimama, mkono kifuani, anasikilizia.

"Vumbi la kitambaa hilo, wifi," anaambiwa.

"Najua," anajibu, na bado hakai.