Mchicha Uliotoa Maua

Nilisikia kishikio cha ndoo kikigongagonga uchochoroni kabla sijamwona Bi Zuhura. Ni hivyo kila asubuhi hapa Sofu. Yeye ni mzaliwa wa Msimbu, mimi nimetoka ng'ambo ya ziwa. Pamoja na akina mama wengine wanne tunalima mchicha na matembele kule bondeni, kwa ajili ya nyumba ambazo sufuria haibandikwi jikoni kila siku. Kazi ya kutaja siku ya kuchuma wamenipa mimi, ili mtu asichume kabla ya wenzake.

"Shikamoo, Bi Zuhura," nikasema alipoingia ndani.

"Marahaba. Furaha, tunachuma leo, au mpaka mchicha uote ndevu?"

Wiki iliyopita sikuitaja siku. Tuta zima likatoa maua, majani yakawa magumu, na mzee wa nyumba ya pili, ambaye mkewe hainuki kitandani, akala ugali kwa chumvi.

Sijawahi kuwaeleza sababu.

Kule kwetu pia nililima, na dada yangu Neema. Watu waliokimbia mapigano vijijini walilala kwenye madarasa ya shule, nasi tuliwapelekea mboga. Siku ile Neema alimsuka mwanangu mpaka mtoto akasinzia, kisha akalalamika kwamba chai haina sukari. Milio ya bunduki ilikuwa ikisikika milimani tangu juzi yake. Tulikuwa tumeizoea.

Nikasema, kama mkulima yeyote angesema, "Zile mboga zisipochumwa leo zitatoa maua."

Akachukua kisu na kitenge. Akafunga mlango taratibu, asimwamshe mtoto.

Kisha milio ikashuka kutoka milimani.

Ikawa karibu.

Nikamlalia mwanangu sakafuni.

Jioni jirani alituletea kitenge kimefungwa fundo. Mboga zilikuwa ndani, bado mbichi. Neema tulimzika kesho yake, ukingoni mwa matuta yetu.

Zile mboga tulizipika. Watoto wa pale shuleni walikuwa hawajala. Na mimi nilikula.

Kwa miaka mingi nimeyapima maneno yangu. Sioni kosa ndani yake. Ila nisingeyasema, huenda angekuwa hai.

Bi Zuhura alikuwa bado amesimama, ndoo mkononi.

"Yule mzee nilikutana naye jana," akasema. "Hakuomba kitu. Aliuliza tu kama sisi ni wazima."

"Leo," nikasema. "Usipochumwa leo utatoa maua."

"Sasa hilo ndilo lilikuwa linakukaba siku zote hizi?" Akacheka kidogo, akageuka.

"Bi Zuhura."

"Mm?"

Nilimtazama: kanga iliyopauka, kisu ndani ya ndoo, kandambili zenye udongo wa jana.

"Basi," nikasema. "Nenda."

Akatoka, akafunga mlango taratibu.